Kabla ya Kulaumu Mgongo, Rekebisha Kiti

Kurekebisha kiti cha ofisi kikufae huchukua dakika tano na hakugharimu hata shilingi moja. Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua namna ya kufanya hivyo, uwe unafanya kazi katika ofisi ya umma, benki, saiba, duka la M-Pesa au nyumbani kwako.

Kiti chenye magurudumu kiko karibu kila mahali siku hizi. Kiko kwa karani wa mapato, kwa anayesajili wagonjwa hospitalini, kwa mhasibu wa chama cha ushirika, kwa kijana wa saiba na kwa mwalimu mkuu. Kimeundwa ili kibadilike, kimfae mrefu na mfupi, mnene na mwembamba. Lakini mara nyingi hukaliwa jinsi kilivyotoka dukani au jinsi aliyekitumia mwisho alivyokiacha. Vingine hata nailoni vilivyofungiwa haijatolewa. Vishikio vilivyo chini yake havijawahi kuguswa, na ifikapo saa kumi jioni mwenye kiti anainuka akiwa ameshika kiuno.

Kiti cha bei ghali ambacho hakijarekebishwa hakina tofauti kubwa na benchi. Kiti cha kawaida kilichorekebishwa vyema kinaweza kukuhifadhi kwa miaka mingi.

KWA NINI JAMBO HILI NI LETU SOTE

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba idadi hiyo itafika milioni 843 kufikia mwaka 2050. Hakuna tatizo jingine la kiafya linalowazuia watu wengi zaidi kufanya shughuli zao kuliko hili.

Itakuwa si kweli kusema kwamba viti ndivyo vya kulaumiwa peke yake. Maumivu ya kiuno huletwa pia na kubeba mizigo mizito, kuinama shambani kwa saa nyingi, uzani uliopita kiasi, uvutaji wa sigara, msongo wa mawazo na kutofanya mazoezi. Hata hivyo, mtu anayefanya kazi akiwa ameketi saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, hukaa saa 40 kwenye kiti kimoja. Hakuna kifaa kingine cha kazi anachokitumia kwa muda mrefu kama huo. Mkulima hawezi kulima msimu mzima na jembe ambalo mpini wake umelegea. Atalikaza kwanza.

Hasara ya kupuuza jambo hili si ya mwenye mgongo pekee. Fundi wa cherehani au kijana anayefanya kazi za mtandaoni hulipwa kwa kazi aliyomaliza, hivyo siku ambayo kiuno kimekataa, hakuna pesa. Karani anayeumwa shingo hufanya kazi polepole, na foleni ya wananchi inarefuka. Tena viti vya ofisi za umma hununuliwa kwa ushuru unaolipa sokoni na kwenye leseni ya biashara. Ni haki yako vitumiwe inavyofaa.

KUKAA KUNAUFANYIA NINI MWILI

Ukitazamwa kutoka ubavuni, uti wa mgongo haujanyooka kama mlingoti. Una mikunjo: shingoni umeingia ndani, mgongoni umetoka nje, na kiunoni umeingia ndani tena. Kati ya pingili zake kuna visahani laini vinavyopunguza mshtuko tunapotembea au kuruka.

Unaposimama, mkunjo wa kiuno hujishikilia wenyewe. Unapoketi, nyonga huzunguka kurudi nyuma na mkunjo huo hupungua. Ukiketi huku umejikunja, hupotea kabisa na kiuno hutokeza nje kama upinde. Misuli na kano za mgongo hubaki zimevutwa kwa saa nyingi, na hapo ndipo uchovu huanza kugeuka maumivu.

Sehemu nyingine pia huathirika. Kiti kikiwa juu mno, ukingo wake hubana mapaja kwa chini na miguu hufa ganzi. Mikono ya kiti ikiwa juu mno, mabega huinuka kama ya mtu anayehisi baridi, na misuli ya shingo hukaza. Kichwa cha mtu mzima kina uzani wa takriban kilo 5. Kadiri unavyokisogeza mbele kuifuata skrini, ndivyo misuli ya shingo inavyolazimika kukivuta zaidi ili kisianguke kifuani.

Kwa hiyo kiti kizuri kina kazi tatu: kubeba uzani wako kupitia makalio na mapaja, kujaza pengo la kiuno, na kuyaacha mabega yalegee. Marekebisho yote yanayofuata yanalenga mambo hayo matatu.

VIFAHAMU VISHIKIO VYA KITI CHAKO

Viti hutofautiana, lakini vingi vina sehemu zifuatazo.

Kishikio cha kimo. Kwa kawaida kiko chini ya kikalio, upande wa kulia. Ukikiinua ukiwa umeketi, uzani wako unakishusha kiti. Ukikiinua huku umejiinua kidogo, kiti kinapanda.

Kufuli la egemeo. Katika viti vingi ni kishikio kilekile cha kimo: ukikisukuma ndani, egemeo halichezi, ukikivuta nje, egemeo linaweza kuyumba nyuma na mbele. Katika viti vingine ni kishikio cha pekee upande wa kushoto.

Kifundo cha kuzungusha chini ya kikalio, mbele. Hiki hukaza au kulegeza nguvu ya kuegemea. Wengi hawajui hata kuwa kipo.

Kimo cha egemeo. Viti vingine vina kifundo nyuma ya egemeo. Vingine havina kifundo chochote: unashika egemeo kwa mikono miwili na kulivuta juu, nalo linapanda kwa milio midogo. Likifika mwisho kabisa, linashuka lenyewe hadi chini, kisha unaanza upya.

Kitelezi cha kikalio. Hakipo katika kila kiti. Kikiwepo, huwezesha kikalio kusogea mbele au nyuma.

Vitufe vya mikono ya kiti. Huwa pembeni, chini kidogo ya mahali unapoweka kiwiko.

HATUA SABA ZA KUREKEBISHA

Fuata hatua hizi kwa mpangilio huu. Ukianza na mikono ya kiti kabla ya kimo, itabidi urudie kazi.

1. Ondoa nailoni na koti. Nailoni huteleza, huleta jasho na huficha vishikio. Koti linaloning'inia kwenye kiti huku mwenyewe hayupo ni mzaha wa zamani kuhusu ofisi za serikali, lakini hata mwenyewe akiwepo, koti zito nyuma ya mgongo humsukuma mbele na kumtenga na egemeo. Litundike ukutani.

2. Weka kimo. Simama ukiukabili mbele ya kiti. Kikalio kiwe chini kidogo ya pia ya goti lako. Kisha keti. Nyayo zote mbili zikae sakafuni bila kuning'inia, na mapaja yawe sambamba na sakafu au magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Jaribu kuingiza kiganja chini ya paja, karibu na ukingo wa kiti. Kikiingia bila shida, kimo ni sawa. Kisipoingia, kiti kiko juu mno. Pakiwa na nafasi kubwa, kiko chini mno. Fanya kipimo hiki ukiwa umevaa viatu unavyovaa kazini.

3. Pima kina cha kikalio. Sogea nyuma mpaka makalio yaguse egemeo. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti, vidole vitatu au vinne vipite. Kama havipiti, sogeza kikalio nyuma. Ikiwa kiti hakina kitelezi, weka mto mwembamba mgongoni ili ukusogeze mbele. Usikubali kuketi kwenye ukingo wa kiti siku nzima, kwa kuwa hapo egemeo halikusaidii chochote.

4. Weka egemeo kiunoni. Egemeo la kiti kizuri lina sehemu iliyotokeza mbele. Sehemu hiyo iingie kwenye mkunjo wa kiuno, usawa wa mshipi au juu yake kidogo. Ikigusa katikati ya mgongo, iko juu mno. Ikisukuma makalio, iko chini mno. Ukiwa umeegemea, pitisha mkono kati ya kiuno na egemeo: usiwepo uwazi wa kupitisha ngumi.

5. Rekebisha mwegemeo. Wengi tulifundishwa shuleni kukaa wima kama askari wa gwaride. Hakuna anayeweza kushikilia mkao huo kwa saa nane. Egemeo lililolazwa nyuma kidogo, kati ya digrii 100 na 110 kutoka kwenye kikalio, huubeba mgongo vizuri zaidi. Kisha zungusha kile kifundo cha chini. Ukiegemea na kiti kikakuangusha nyuma, kaza. Ukilazimika kusukuma kwa nguvu ndipo kikubali, legeza. Mtu mwenye mwili mdogo kwa kawaida huhitaji kulegeza.

6. Shusha au pandisha mikono ya kiti. Legeza mabega, acha mikono ining'inie, kisha kunja viwiko. Mikono ya kiti iguse viwiko bila kuyainua mabega. Kama ni mifupi mno, utaegemea upande mmoja. Kama haishuki na inazuia kiti kuingia chini ya meza, ni afadhali kumwomba fundi aitoe.

7. Sogea mezani. Vuta kiti karibu hadi tumbo likaribie meza. Viwiko viwe karibu na mbavu, na mikono iwe usawa wa kibodi au juu yake kidogo. Vifundo vya mikono vinyooke, visipinde kwenda juu wala chini. Kipanya kikae kando ya kibodi, si mwisho wa meza.

MEZA IKIWA NDEFU KULIKO WEWE

Hapa ndipo wengi hukwama. Meza nyingi za ofisi zina kimo cha takriban sentimita 75 na hazibadiliki. Mtu mfupi akishusha kiti mpaka nyayo ziguse sakafu, meza humfikia karibu na kifua, na mabega hupanda kila anapochapa. Akipandisha kiti afikie meza, miguu huning'inia.

Dawa yake ni hii: pandisha kiti mpaka viwiko viwe usawa wa meza, kisha ijengee miguu sakafu mpya. Kibao cha mbao, kreti iliyogeuzwa au boksi gumu linatosha, mradi liwe pana kiasi cha kubeba nyayo zote mbili na lisiteleze. Fundi wa mbao aliye jirani anaweza kukutengenezea kibao chenye mwinamo kidogo kutokana na vipande alivyobakisha. Usiweke miguu kwenye miguu ya kiti yenye magurudumu, kwani magoti hujikunja na damu hubanwa.

Mtu mrefu ana shida iliyo kinyume. Akipandisha kiti, mapaja hugonga meza. Yeye ainuliwe meza, kwa vipande vya mbao imara chini ya kila mguu wake.

SKRINI NAYO

Unaweza kurekebisha kiti kikamilifu, kisha skrini ikakuharibia kazi yote. Skrini iwe mbele yako moja kwa moja, si pembeni. Umbali uwe kama urefu wa mkono wako ulionyooshwa. Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini kidogo. Rimu moja ya karatasi ambayo haijafunguliwa ina unene wa takriban sentimita 5, kwa hiyo rimu mbili chini ya skrini huiinua sentimita 10. Wanaovaa miwani yenye sehemu mbili, ya kuonea mbali na ya kusomea, washushe skrini zaidi. Vinginevyo watakuwa wakiinua kidevu siku nzima ili waone kupitia sehemu ya chini ya miwani.

Laptopu ina kasoro moja ya kimaumbile: skrini na kibodi zimeshikana. Ukiiinua ifikie macho, mikono hupanda. Ukiishusha ifikie mikono, shingo huinama. Kama unaitumia kwa saa nyingi, tafuta kibodi na kipanya cha kando, kisha iinue laptopu juu ya vitabu au rimu.

KAMA HUNA KITI CHA AINA HII

Wakazi wengi wa kaunti hufanya kazi kwenye kiti cha plastiki, stuli au kiti cha mbao. Kanuni hazibadiliki: nyayo zitue, kiuno kijazwe, mabega yalegee.

Kunja leso au taulo iwe kama gogo dogo, kisha iweke nyuma ya kiuno. Kama ni nene mno itakusukuma mbele. Punguza mkunjo mmoja. Kwenye kiti cha plastiki kilicholegea na kuzama katikati, weka ubao mwembamba na mto juu yake. Kwenye kiti cha mbao kilicho kifupi, mto wa sponji ngumu huinua kimo. Sponji laini haifai, maana huzama baada ya dakika chache.

Fundi wa cherehani ahakikishe hainami kuifuata sindano. Mara nyingi kuinua kiti kwa sentimita chache, au kuinamisha kikalio mbele kidogo, hutosha kuinyoosha shingo yake. Mhudumu wa kaunta ndefu anahitaji stuli ndefu yenye chuma cha kuwekea miguu. Mtoto anayesomea kwenye meza ya chakula naye ana mgongo: mwekee mto wa kukalia na boksi chini ya miguu.

Mama mjamzito arekebishe kiti upya kila tumbo linapokua. Atahitaji egemeo lililolazwa nyuma zaidi, magoti yakiwa chini ya nyonga, na ruhusa ya kuinuka mara nyingi.

KITI KIMOJA, WATU WATATU

Katika vituo vinavyofanya kazi mchana na usiku, kama vile hospitali na ofisi za zimamoto, kiti kimoja hukaliwa na watu watatu kwa siku. Si adabu mbaya kukibadilisha kiti ulichokikuta, na wala si kumkosea mwenzako. Ni sawa na dereva anayerekebisha kiti na vioo kabla ya kuondoa gari la ofisi. Weka alama kwa kipande cha utepe kwenye mhimili wa kiti, kila mmoja na rangi yake, ili kimo chako ukipate kwa sekunde chache.

HAKUNA KITI KINACHOTOSHA PEKE YAKE

Hata ukifuata hatua zote saba, mwili haukuumbwa kukaa mahali pamoja siku nzima. Visahani vya uti wa mgongo wa mtu mzima hupata maji na virutubisho hasa kutokana na mwili kusogea, kwa kuwa damu haivifikii ipasavyo. Ndiyo maana mkao mzuri usiobadilishwa nao huchosha.

Inuka kila baada ya dakika 30, hata kama ni kwa dakika moja. Pokea simu ukiwa umesimama. Peleka faili kwa miguu badala ya kumtuma mtu. Weka maji ya kunywa mbali na meza. Kwa ajili ya macho, kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20.

Nje ya kazi, WHO inashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Kutembea kwa haraka kutoka stejini hadi nyumbani, nusu saa kwa siku, siku tano, kunakufikisha kwenye dakika 150.

KITI KINAPOHARIBIKA

Kiti kinachoshuka chenyewe polepole kimeharibika bomba la gesi. Kinaweza kutengenezwa: fundi hulitoa bomba na kuweka jipya, na kiti kinarudi kazini. Usijaribu kulifungua, kulitoboa wala kulichoma, kwa sababu ndani yake mna gesi iliyoshindiliwa na linaweza kulipuka. Kiti kilichovunjika mguu mmoja kati ya mitano kiondolewe siku hiyo hiyo. Miguu mitano ndiyo inayokizuia kupinduka unapoegemea, na tofali haliwezi kushika nafasi yake.

Mara moja kwa mwezi kaza skrubu, ondoa nywele na nyuzi zilizojisokota kwenye magurudumu, na uangalie kama egemeo limelegea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe kuwa mahali pa kazi, vifaa na majukumu vinamfaa mfanyakazi. Inasema pia kwamba pale ambapo sehemu kubwa ya kazi inaweza kufanywa mtu akiwa ameketi, apewe kiti kinachomfaa yeye na kazi yake, pamoja na kibao cha miguu ikiwa hawezi kuitua vizuri bila hicho. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya, ambamo wafanyakazi wamewakilishwa. Usimamizi wa sheria hii uko chini ya Idara ya Usalama na Afya Kazini ya serikali ya kitaifa, na inahusu waajiri wa umma na wa kibinafsi.

Kwa hiyo anayeomba kiti kinachomfaa au kibao cha miguu haombi hisani. Anza kwa kumweleza msimamizi wako kwa maandishi, taja kasoro iliyopo na unachohitaji. Kama hakuna kinachofanyika, ipelekee kamati. Mfanyakazi naye ana wajibu wake: kutumia vifaa alivyopewa inavyotakiwa na kuripoti hatari mapema.

Neno moja kwa wakuu wa idara na wenye biashara. Katika ofisi nyingi, kiti hugawanywa kwa cheo. Kiti kikubwa cha ngozi humwendea anayeshinda kwenye mikutano, na kilichochakaa hubakia kwa karani anayekikalia kutoka asubuhi hadi jioni. Kiti kigawanywe kwa saa zinazokaliwa. Na kabla ya kuagiza viti 50, leteni kimoja cha mfano, mkikalishe mfanyakazi mfupi kuliko wote na mrefu kuliko wote. Kama kinawafaa hao wawili, kitawafaa walio katikati. Egemeo refu la ngozi linalong'aa si ushahidi wa chochote.

WAKATI WA KUMWONA DAKTARI

Maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe katika wiki chache, na kuendelea na shughuli kwa kiasi husaidia kuliko kulala kitandani. Yakizidi wiki sita, au yakikuzuia kufanya kazi au kulala, nenda kituo cha afya. Hospitali zetu kubwa zina wataalamu wa tibamaungo, ambao wengi wetu huwaita fizio.

Usingoje hata siku moja ikiwa:
- Umeshindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo unakataa kutoka.
- Unahisi ganzi katikati ya mapaja au sehemu za siri.
- Mguu unapoteza nguvu.
- Maumivu yalianza baada ya kuanguka au ajali.
- Una homa, unakonda bila sababu au unatokwa na jasho jingi usiku. Kifua kikuu nacho hushambulia uti wa mgongo.

Jihadhari pia na tiba zinazouzwa barabarani. Katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, WHO inapendekeza elimu kwa mgonjwa na mazoezi, na haipendekezi mishipi ya kufunga kiuno kama tiba ya kawaida. Leso uliyoikunja nyuma yako inajaza pengo la kiti tu. Usiichukulie kuwa dawa.

KATA UBANDIKE UKUTANI

- Nyayo zitue sakafuni au kwenye kibao.
- Vidole vitatu vipite nyuma ya goti.
- Kiuno kigusane na egemeo.
- Mabega yalegee, viwiko vikaribie mbavu.
- Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho.
- Inuka kila dakika 30.

Ukifika kazini kesho, kabla ya kuwasha kompyuta, inama uangalie chini ya kiti chako. Kisha msaidie aliye kando yako arekebishe chake.